Chafya Haitaki Sindano

Mtu akipiga chafya mara tatu katika soko la Butembo, hatafika nyumbani kwake bila kupewa dawa saba. Jirani atamwambia akamue kitunguu na kutia matone puani. Mwenye duka atampa ugoro anuse. Mama mkwe atamtafutia majani ya mkaratusi, amfunike blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Mwingine atamsifia asali, mwingine tangawizi, mwingine chai ya artemisia. Kijana mwenye kipaza sauti kando ya njia atamwuzia chupa ya maji ya rangi ya chai ambayo, kwa maneno yake, yaponya sinizite, tumbo, mgongo, utasa na bahati mbaya. Na jioni, kama bado anapiga chafya, ataonyeshwa mlango wa kituo chenye kibao kizuri, ambako atapewa unga wa mizizi na juu yake sindano mbili.

Katika dawa hizo, nyingine hazina neno. Nyingine ni upuuzi mtupu. Lakini mbili tatu zaweza kumwua mtu ambaye ugonjwa wake haungemwua kamwe. Juu ya hizo ndizo tunataka kusema, wala hatutasema kwa kunong'ona.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, maana asiyeujua ndiye anayeuziwa chochote. Tunasema juu ya mzio wa pua, ambao wengi kwetu huuita alerji, na wengi zaidi huuita sinizite hata kama si sinizite. Mwili wa mtu una walinzi wake wa kupigana na vijidudu vya magonjwa. Kwa watu fulani walinzi hao wana wasiwasi kupita kiasi: huona vumbi la nyumbani, jambo lisilo na hatia, nao huamka na kupiga kelele kama mlinzi wa duka anayepuliza filimbi usiku kucha kwa sababu ya paka. Kelele hizo ndizo chafya, kamasi nyepesi kama maji, pua kuziba, macho kuwasha na kutoa machozi. Daktari Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, aliyekuwa na ugonjwa huu mwenyewe, alijijaribu kwa chavua ya majani na maua, akaandika mwaka 1873 ya kuwa ndiyo iliyomwumiza, wala si joto la jua kama wenzake walivyodhani. Neno alerji lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna. Na mwaka 1966 mume na mke Wajapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakifanya kazi Marekani, waligundua kingamwili zile za pekee zinazoanzisha ghasia hiyo. Zikikutana na adui wao wa kudhaniwa, chembe fulani za puani humwaga kitu kiitwacho histamini, na hapo mtu huanza kutafuta kitambaa.

Huu ni ugonjwa, basi, wenye sababu yake, jina lake na njia yake. Si pepo. Si sumu ya jirani. Wala si uchafu ulioganda kichwani ambao lazima utolewe kwa nguvu.

Na sababu zake kwetu ni nyingi. Butembo iko juu milimani, karibu mita 1,800, na usiku baridi yetu hutufanya tujifunike mablanketi mazito ambayo hayaoni jua wiki nyingi. Ndani ya blanketi na godoro huishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, nao ndio adui wa kwanza wa pua katika nchi nyingi za dunia. Tena kuna ukungu unaoota ukutani wakati wa mvua, na mende, na paka, na simbilisi tunaowafuga jikoni, na moshi wa kuni na makala. Kiangazi kikifika, pikipiki huinua vumbi la barabara za udongo mpaka mtu hamwoni mwenzake. Vumbi hilo na moshi si lazima ziwe mzio wenyewe, lakini huichubua pua iliyokwisha kuchokozwa. Tukishuka Beni na Mangina twakuta jambo jingine: utomvu wa papai. Watu wa huko wamegema papaini miaka mingi na kuiuza ng'ambo. Unga wa papaini ukiruka hewani huwashika pua na kifua watu wanaoushughulikia kila siku; waganga wa nchi nyingi wameliandika jambo hili. Ongeza hapo unga wa mashine za kusagia, na vumbi la mbao kwa maseremala. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya vijijini yalipoanza kuwasukuma watu kukimbilia mjini, jamaa nyingi zimelala watu wanane au kumi katika chumba kimoja, juu ya godoro kuukuu. Mtu wa namna hiyo akipiga chafya, msimwulize amemkosea nani.

Sasa tazameni mahali mwongo anapopatia riziki yake. Mzio huja na kwenda. Mvua ikinyesha, vumbi hulala, na pua hupumzika. Mtu akisafiri kwenda kwa dada yake Lubero, akalala kitanda kingine, hupona siku tatu. Aliyepewa mzizi siku moja kabla ya mvua hutoa ushuhuda mbele ya watu wote ya kuwa mzizi umemponya. Mvua haidai malipo, basi haipati sifa. Na ugonjwa ukirudi, je, yule mwuza dawa ameshindwa? La! Atasema dozi haikutosha, au mgonjwa amekula mwiko, au mtu wa nyumbani ameiharibu dawa kwa jicho lake. Kazi gani nyingine duniani ina faida kama hii, ambayo mteja hupona bure na kulipa, kisha huugua tena na kulipa tena?

Tena wana hila ya pili. Utie puani maji ya kitunguu, au pilipili, au utomvu mkali wa majani, na kamasi zitatoka kwa wingi. Mwuzaji hupaza sauti: "Oneni uchafu unavyotoka!" Ndugu zetu, huo si uchafu. Ni pua inayolia kwa sababu imechomwa. Mkimtia mtu mchanga jichoni atatoa machozi mengi, lakini nani atasema macho yake yametakaswa? Ngozi ya ndani ya pua ni nyororo, na juu kabisa ina mishipa ya kunusia ambayo ikiharibika huenda isirudi. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliwaonya watu wake waache dawa fulani ya zinki ya kutia puani, iliyouzwa madukani pasipo cheti cha daktari, kwa sababu watu wengi walisema wamepoteza uwezo wa kunusa. Hiyo ilikuwa dawa ya kiwandani, yenye karatasi na maandishi. Je, chupa ya kijana wa kipaza sauti ina maandishi gani?

Hapa tunajua tutasikia lawama. Watasema: "Ninyi watu wa misioni mmeyachukia majani yetu tangu mapadre Waasumpsioni walipofika huku mwaka 1929." Haya, tujibu vizuri, maana jambo hili lina uzito.

Sisi hatupigani na majani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, mlango wa 38, chafundisha ya kuwa Mungu ndiye aliyeziotesha dawa ardhini na ndiye aliyempa mganga maarifa. Tena yale tunayoyaita leo madawa ya kizungu, mengi yalikuwa majani ya watu fulani. Mmea wa efedra ulitumiwa na Wachina karne nyingi. Mjapani Nagai Nagayoshi alitoa efedrini ndani yake mwaka 1885, na dawa za kuzibua pua zikaanzia huko. Misri kuna mmea uitwao Ammi visnaga, uliotumiwa na wenyeji tangu kale. Daktari Roger Altounyan, mwenye pumu, alitaka kupata kitu bora kutokana na mmea huo. Alijaribu dawa moja baada ya moja juu ya kifua chake mwenyewe, akivuta kwanza vumbi la manyoya ya simbilisi, wale wale wa jikoni kwetu, ili pumu imshike, kisha aone kama dawa itaizuia. Mwaka 1965 alipata kromoglikati, ambayo hutumika mpaka leo kwa pua na macho yenye mzio. Mtu huyo hakuja sokoni na kipaza sauti. Alijiumiza yeye kwanza, akapima, akaandika, akawapa wengine wapime pia wamkanushe wakiweza.

Hiyo ndiyo tofauti tunayoitafuta, wala haihusu rangi ya ngozi. Jani lililojulikana jina, likapimwa kiasi chake, likajaribiwa mbele ya watu, hilo ni dawa, liwe limetoka Uchina au Oicha. Jani la siri ni bahati nasibu. Wengine wamepimwa na kupatikana wapungufu: huko Connecticut, Marekani, mwaka 2002 wagonjwa waligawiwa asali ya nyuki wa mahali pao, wengine asali ya mbali, wengine maji ya sukari yenye harufu ya asali, na walioipata asali hawakupona kuliko wale wa sukari. Basi mleni asali, ni tamu, Mungu asifiwe kwa nyuki wake, lakini msiinunue kwa bei ya dawa. Artemisia nayo, Bibi Tu Youyou alipewa tuzo la Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria aliyoitoa ndani yake, na kwetu Kivu kila ua lina kichaka chake. Lakini chai ya artemisia kwa chafya? Jamii hiyo ya mimea hutoa chavua ambayo Uchina na Ulaya ni miongoni mwa maadui wakubwa wa pua. Huenda mtu akawa ameotesha mbele ya dirisha lake kile kinachomliza.

Na ule mvuke wa mkaratusi? Mtu mzima akivuta mvuke kwa uangalifu hupata nafuu ya saa moja, sawa. Lakini mtoto chini ya blanketi pamoja na sufuria ya maji ya moto, hilo tunalikataa kabisa. Sufuria ikipinduka, mtoto hatakuwa na mafua tena ya kusemewa. Atakuwa na ngozi iliyotoka mapajani.

Tufike sasa kwenye wembe.

Tuseme mama mmoja wa Vulamba ana mtoto wa miaka miwili. Usiku kamasi za mzio humtiririka nyuma ya pua mpaka kooni, naye hukohoa, tena hukohoa mpaka kutapika. Mchana yu mzima anacheza. Bibi anamfungua kinywa, anaona kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo, anasema: "Ni kilimi. Kimekuwa kirefu. Kinamchokoza." Kesho yake anaitwa mtaalamu wa kukata vilimi. Desturi hii iko katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na waganga wa hospitali wanaijua kwa sababu huwapokea watoto baada yake: mwenye kutoka damu isiyokoma, mwenye koo lililooza, mwenye pepopunda. Na wembe uliomkata huyu, nani anajua ulimkata nani jana? Kilimi hakina kosa lolote. Hata kikirefuka, kimevimba kwa sababu ya kikohozi, wala sicho kilicholeta kikohozi. Kamasi zimetoka puani, na pua haikuguswa. Basi mtoto akikatwa ataendelea kukohoa, tena akiwa na kidonda. Tunawaomba akina bibi wa Butembo na Beni, ambao twawaheshimu kwa mambo mengi, wasituletee wembe kwa ajili ya kamasi.

Lakini jambo lililotufanya tuandike ni la sindano.

Katika miji yetu miwili, na njiani kati yake, vimeota vituo ambavyo watu huviita vya "tradi-moderni". Jina lenyewe ni la kuvutia: mapokeo ya babu pamoja na maendeleo ya leo. Nani asiyependa vyote viwili? Tulipotazama, tuliona ya kuwa wenye vituo vya namna hiyo wamechukua siri kutoka kwa mganga wa kienyeji, na sindano kutoka hospitalini. Yaliyobaki wameyaacha. Mganga wa zamani alijulikana na kijiji kizima. Mgonjwa akifa, alikutana na wafiwa kila siku njiani. Uangalizi huo hawakuuchukua. Hospitali nayo ina usafi wake, vitabu vyake vya kuandikia wagonjwa, mkaguzi wa zoni ya afya anayeweza kuingia na kuuliza. Hayo nayo hawakuyachukua. Na wakisema wanalinda mila, tunawauliza: babu gani wa Wanande alipiga watu sindano?

Miaka si mingi imepita, wala hatujasahau. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina. Ikaingia Beni, ikapanda Butembo na Katwa. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Kila jamaa inayosoma maneno haya ina jina la mtu ndani ya hesabu hiyo, au inamjua mwenye nalo. Na viongozi wa Shirika la Afya Ulimwenguni walieleza mwaka ule ule wa 2018 ya kuwa katika mji wa Beni vituo vya tradi-moderni vilikuwa mojawapo ya njia kubwa za ugonjwa kuenea. Watoto walipelekwa huko kwa homa ya malaria, ambayo ina dawa yake. Walilazwa pamoja na wengine, wakapigwa sindano, wakarudi nyumbani na Ebola. Mama aliyempeleka mtoto wake huko hakuwa mjinga wala mbaya. Alikwenda mlango wa karibu, mlango uliomkaribisha vizuri.

Wala msidhani tunaficha ya kwetu. Mwaka 1976, Ebola ilipojulikana mara ya kwanza huko Yambuku, ilienea hasa katika hospitali ya misioni. Asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa wagonjwa wote wa siku, nazo zilisuuzwa kwa maji tu kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Waliougua walikuwa 318, waliokufa 280, na masista waliowapiga sindano hizo walikufa pamoja nao. Walikuwa watu wema, wenye sala na bidii. Sindano chafu haiulizi kama aliyeishika ni mtakatifu. Ikiwa iliua mikononi mwa masista, itaacha kuua mikononi mwa mfanya biashara?

Na ndani ya sindano hiyo ya chafya mna nini? Mara nyingi aliyechomwa hajui, na aliyemchoma hasemi. Lakini twaweza kukisia kwa matunda yake. Mtu aliyeziba pua mwezi mzima akichomwa leo na kesho akaamka anapumua kama mtoto, tena ana hamu ya kula na nguvu za ajabu, majani hayafanyi hivyo. Deksametazoni na ndugu zake hufanya hivyo. Katika nchi nyingi wachunguzi wamepima unga uliouzwa kuwa ni wa majani matupu, wakakuta deksametazoni imesagwa ndani yake. Hiyo ni dawa ya kweli, yenye nguvu, na madaktari huitumia kuokoa watu. Lakini ikitumiwa ovyo ovyo, wiki kwa wiki, hupandisha sukari na damu, hudhoofisha mifupa, huwafungulia mlango vijidudu kama vya kifua kikuu, na mwili huacha kutengeneza kortisoli yake ya asili, hata mtu akiiacha ghafula aweza kuanguka. Yote hayo kwa ajili ya kamasi! Daktari mwaminifu haanzi na sindano ya namna hiyo kwa mzio wa pua. Zipo sindano nyingine za mzio, alizozianzisha Leonard Noon huko London mwaka 1911, za kumzoeza mgonjwa polepole. Lakini hizo hutolewa na bingwa, kwa kipimo kidogo kidogo, miaka mitatu au zaidi, na dawa ya kuokoa maisha iko tayari mezani. Anayewaambia ya kuwa sindano zake za jioni ndizo hizo, amewadanganya.

Najua wapo watakaotujibu kwa jambo la fedha. "Hospitalini twangoja tangu asubuhi, twalipa fishi, twakaripiwa, na mwisho twaambiwa si kitu." Maneno haya ni ya kweli mara nyingi, na tungependa wauguzi wetu Wakatoliki wayasome mara mbili. Mgonjwa akiambiwa si kitu, naye hajalala usiku tatu, atamtafuta mtu wa kumwambia ya kuwa ni kitu. Mwuza mizizi humkalisha kwenye kiti, humwuliza habari za watoto, humsikiliza nusu saa. Sehemu kubwa ya dawa yake ni hiyo nusu saa. Kwa nini sisi, tunaofundishwa habari ya Msamaria Mwema, tuwaachie waongo kazi ya kusikiliza? Lakini juu ya fedha hatukubali. Hesabuni chupa mlizonunua mwaka mzima, na unga, na kuku, na sindano. Vidonge vya loratadini vimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni, si vya matajiri. Cetirizini ni ndugu yake. Twaona mtu akikataa kununua vidonge kumi kwa kusema ni ghali, kisha akiuza mbuzi ampe mganga.

Farmasi nazo zisicheke. Matone yale ya kuzibua pua mara moja, ambayo huuzwa bila swali, yakitumiwa zaidi ya siku tano hivi huifanya pua izibe kuliko kwanza, na mtu huwa mtumwa wa chupa. Na vidonge vya zamani, kama klorfeniramini na prometazini, huleta usingizi. Mwampa dereva wa pikipiki vidonge hivyo asubuhi, ashuke navyo mpaka Beni, kilomita zaidi ya 50, akiwa na mama na mtoto mgongoni! Mwambieni basi avinywe usiku, au mpeni vile visivyolevya.

Kuna lawama moja nyingine, nayo ilimwaga damu. Wakati wa Ebola watu wengi walisema madaktari wameuleta ugonjwa ili wapate fedha. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hapa Butembo na kumwua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia. Hatusemi ya kuwa wauza mizizi walimwua. Twasema ya kuwa kila asubuhi, kwa kipaza sauti, wapo wanaowafundisha watu kwamba hospitali ni mahali pa kuuawa, kwa kuwa maneno hayo huuza chupa. Maneno hayapotei hewani kama moshi.

Juu ya vyumba vya maombi ambako chafya ya mtoto huhesabiwa kuwa dalili ya uchawi, tutasema siku nyingine, kwa kirefu. Leo hili moja litoshe: Mkristo anayemtaja mwanamke mzee kuwa ndiye aliyeziba pua ya mjukuu amevunja amri ya nane, na kamasi zitaendelea kutiririka vilevile.

Mwatuuliza: tufanye nini, basi? Maji na chumvi. Naam, hayo tu kwanza. Chemsheni maji mpaka yatokote, yaacheni yapoe yawe vuguvugu, tieni kijiko kimoja kidogo cha chumvi safi katika nusu lita. Mtu ainame, aingize maji polepole tundu moja, yatokee jingine. Watu wa India wamefanya hivi tangu zamani, na wataalamu walipopima waliona yaweza kuleta nafuu. Hii ni dawa ya kienyeji kamili, isiyo na siri, na ndiyo maana hakuna anayeiuza. Lakini maji yasiyochemshwa msiyatie puani kamwe, hata yakiwa meupe kama yale ya chemchemi.

Anikeni magodoro na mablanketi juani kila siku yenye jua, myakung'ute mbali na mgonjwa, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Simbilisi walale nje ya chumba cha watu. Moshi upate dirisha. Anayeshika papaini, unga au mbao afunge kitambaa kinachoziba pua na kinywa, na tajiri wake amnunulie, maana faida ni ya tajiri. Yakishindwa hayo, zipo dawa za kupuliza puani ambazo daktari huzichagua, zenye kufanya kazi pale pale puani bila kuushika mwili wote. Na mtu ambaye pua yake imeziba upande mmoja tu siku zote, au inatoa damu au usaha, au mwenye homa na uso unaouma, au kifua kinachopiga mluzi, huyo asikae nyumbani na chumvi yetu. Aende akapimwe, kwa kuwa hiyo huenda si mzio tu.

Kwa wenye vituo vile tuna maswali machache. Jani mnalolitumia laitwa nani, kwa Kinande au kwa lugha yoyote mnayoijua? Ndani ya sindano mna dawa gani, na chupa yake tupu iko wapi tuisome? Sindano mnaitupa wapi baada ya mtu mmoja? Mwaweza kuandika majibu mkayabandika mlangoni chini ya kile kibao kizuri, ambapo kila mama anayeleta mtoto atayasoma kabla ya kuingia. Na mwenye zoni ya afya apite kuyasoma naye.